Cheni ya Mrefu

"Ng'oa gia zote, Fundi. Acha moja tu."

"Zote? Hii baiskeli ya milimani, Mwalimu. Kwenye kilima utalia."

"Nitasukuma. Bora miguu iume kuliko hizo kelele."

Kelele zenyewe Fundi alizijua. Baiskeli ya Mrefu, marehemu mume wa Mwalimu, ilikuwa imening'inia stoo miaka mitatu. Upepo ukiitikisa, gia zinalia tak-tak-tak, kama mtu anayeingia uani, na Mwalimu mpaka leo anainuka kwenda kufungua mlango. Na Jumamosi hii anaolewa na Fundi! Mtaa mzima ulishajialika.

Fundi akaigeuza baiskeli miguu juu, akakata waya za gia, akafungua kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni. Alipofika kwenye cheni yenyewe, mkono ukasita. Ilikuwa imekatika, imefungwa kwa uzi, vilevile kama ilivyorudishwa kutoka barabarani.

"Mbona umenyamaza? Umemwona mwenyewe?" Mwalimu akacheka, kicheko kikafia njiani. "Basi nisikilize. Ukitaka kuniacha, niache leo, si Jumamosi."

Akamwekea simu mbele ya uso. Ujumbe aliomtumia Mrefu asubuhi ya ajali bado upo: *Nimechoka na wewe. Ukitoka usirudi.*

"Aliusoma. Dakika kumi baadaye akaanguka mbele ya lori. Watu wanasema ajali. Mimi ndiye niliyemuua."

Fundi akaitazama cheni. Akinyamaza, Jumamosi ni yake. Cheni inatupwa kwenye vyuma chakavu, nani atajua? Gurudumu la nyuma, ambalo hakuna aliyeligusa, likazunguka taratibu. Tik. Tik. Tik.

"Si meseji, Mwalimu."

"Usinibembeleze."

"Tazama hii pingili. Siku moja kabla alikuja mbiombio, cheni inaruka. Nikatoa kipande kibovu. Pini ikishatolewa hairudishwi, inawekwa mpya, kila fundi anajua. Sikuwa nayo. Nikairudisha ileile, nikaigonga nyundo, nikamwambia, 'Hiyo mpaka wajukuu.' Akasimama juu ya pedali kilimani, ikachomoka."

"Ulijua lini?"

"Siku ya msiba."

"Siku ya msiba! Ulinishika mkono ukasema ni mapenzi ya Mungu."

"Nilisema."

"Miaka mitatu silali, Fundi! Unakunywa chai kwangu, unanisikia naomba radhi kwa ukuta, na wewe unakoroga sukari!"

Simu ikaita. Dada yake, sauti ikasikika mpaka barabarani:

"Bi harusi! Viti vimefika, na shangazi zako wameshagombania vya mbele!"

"Dada, Jumamosi hakuna harusi."

"Weee! Umemfumania? Na nani?"

Mwalimu akakata simu. "Maliza kazi," akamwambia Fundi.

Akamaliza. Akabakiza gia moja, akaibana kwa bushi, vile vipete vya chuma, pande zote mbili, cheni mpya, pini mpya. Mwalimu amemsimamia kama anasimamia mtihani.

"Ungenyamaza, ningekuwa mkeo."

"Najua. Na ungejilaani mpaka kaburini."

Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja. "Mama mkwe nilimwonyesha ile meseji mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo hata salamu yangu haipokei. Nenda kamwambie. Leo hii, kwa mdomo wako."

"Halafu?"

"Usiniulize halafu."

Fundi akaenda, kipande cha cheni mfukoni. Akagonga mlango wa mama yake Mrefu mara mbili.

"Nani?"

Mdomo ukagoma. Nyuma yake matairi ya baiskeli yakasimama kwenye kokoto. Hakuthubutu kugeuka, aliogopa atakayemkuta.

"Jibu," sauti ya Mwalimu ikasema karibu na bega lake. "Unaulizwa na mtu mzima."

"Ni mimi, mama," Fundi akasema. "Niliyefunga cheni ya mwanao."

Ndani, komeo likavutwa.