Printa ya Gesare

Haya yalimpata Gesare, mwenzangu wa kwaya hapa Litein, na mpaka leo hawezi kuyasimulia akiwa ameketi.

Jirani yake, Mama Winny, alikuja alasiri moja akitoka kuchuma majani chai. Alishika simu kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu. "Gesare, nitolee hii barua ya hospitali kwa printa yako."

Gesare alikuwa amechoka tu. "Printa ilikufa, mama. Jaribu saiba, huko watakutolea."

Printa ilikuwa nzima. Mama Winny akashukuru, akashuka barabarani kwenye mvua, na pikipiki ikamgonga kabla hajafika saiba.

Baada ya mazishi, printa ikakataa kuwaka kweli. Gesare akaipeleka kwa fundi Kericho, naye akaifungua, akaifunga. "Sioni shida yake. Wewe nunua ingine." Gesare akarudi nayo nyumbani. Kila alipotaka kuitupa, aliona ni kama kumfukuza yule mama mara ya pili.

Wiki iliyofuata mvua ya mawe ikapiga mabati mchana, stima ikapotea, na kwa wingu zito nyumba ikawa giza. Akiwa jikoni akitafuta mshumaa, Gesare akasikia karatasi ikivutwa polepole, krr, krr, kisha kimya.

Akaenda na mshumaa. Waya wa printa ulikuwa bado umeviringwa vile fundi aliufunga. Karatasi moja ilikuwa imetoka, haina hata neno. Ilikuwa imelowa maji, na ukingoni, pale mtu hushika akipokea karatasi, palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba.