Hodi Iliyotoka Kwenye Spika

Haya, sogeeni. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia ndani au toka nje, usiwe popo. Mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Midomo ipumzike, masikio yafanye kazi, maana hadithi hii yenyewe ni ya sauti, na ukiipigia kelele utapitwa na ile sauti ndogo, ambayo ndiyo yenye mambo.

Palikuwa na mwanamke mshonaji. Alifanya kazi kwenye karakana ya sare za shule, na kazi yake ilikuwa kola. Kutwa kola, hata akifumba macho aliona kola zinampita. Alikuwa na uchovu ule wa mtu ambaye akilala anaota yuko kazini, kwa hiyo anaamka akiwa amefanya kazi mara mbili. Mumewe alikuwa seremala, watu wakimwita Gundi, kwa kuwa ukimpa mkono ilibidi uubandue. Na chumba cha nyuma aliishi mama yake Gundi, mkwe wa mshonaji, bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

Gundi alikuwa na ndoto zake. Mchana alichonga madawati ya watu, jioni akitengeneza spika ndogo pale pale sebuleni, spika za watu wasio na uwezo wa kununua za dukani. Kinyozi wa mtaani alikuwa amekwisha kuagiza.

"Hii inaitwa njia mbili, mke wangu," alimwambia. "Sauti ikiingia humu inagawanyika. Nene inashika njia ya karatasi kubwa hii, nyembamba inakwenda kwa hii ndogo, twita. Na huyu mdudu wa katikati, kapasita, ndiye bawabu. Anamwonyesha kila mmoja pa kupita."

"Na mimi pa kupita kwenda kulala ni wapi?" mshonaji akauliza. "Maana umejaza makorokoro."

"Mpishe mwenzio!" mama mkwe akapaza sauti kutoka nyuma. "Spika haipiki!"

Karatasi kubwa aliitoa kwenye gari bovu, twita kwenye televisheni iliyopasuka, pamba ya kujaza ndani ni ya godoro kuukuu. Ilibaki mbao tu, na mbao ndiyo yenye bei. Basi siku moja akarudi amebeba mlango kichwani.

"Umeutoa wapi?"

"Ile nyumba mbovu ya mwisho wa mtaa. Paa limeanguka, mlango umesimama peke yake kama mlinzi aliyesahauliwa. Hebu gonga usikie mbao hiyo!"

Mama mkwe akajikongoja mpaka sebuleni, akautazama bila kuugusa. "Nyumba ile ilikuwa haiitikii hodi," akasema. "Tulipita miaka. Wenyewe wamo, moshi unauona, lakini upige hodi mpaka ukauke koo, kimya. Tukasema wana maringo. Wakafa mmoja mmoja, na hatukuwahi kukanyaga ndani."

"Mama, maringo walikuwa nayo watu. Mbao ni mbao."

Akaukata. Vumbi la msumeno likatoa harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Akaunga boksi la kwanza, akalibana, akaliacha. Kona zote zikakauka, isipokuwa ule ubao wa mbele wenye matundu mawili. Pale gundi ilibaki na umajimaji siku baada ya siku, kama mdomo wa mtoto anayenyonya. Gundi akailaumu gundi, akafunga karatasi zake, akaliegemeza boksi ukutani, nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, zikaning'inia bila kugusa kitu.

Siku ya mapumziko, jua limesimama wima, Gundi ametoka kutafuta misumari, mshonaji alijilaza kwenye mkeka, mkono juu ya macho. Hakuwa amelala wala hakuwa macho.

"Hodi."

Sasa nyinyi mnajua. Hodi ni hodi. Mtu hata akiwa na homa, hata akiwa analia, hodi ikipigwa mdomo unaitikia wenyewe.

"Karibu," mshonaji akasema, macho yamefumbwa. "Pita tu, pako wazi."

Alipokwisha kusema ndipo sikio lilipomletea habari iliyochelewa: hodi ile ilikuwa na sauti mbili. Moja nene, ya mtu mzima, inatambaa chini. Na juu yake nyembamba, kama ya mtoto. Zote zinatamka neno moja kwa pamoja. Akafumbua macho. Mlangoni hapana mtu. Chumba kikajaa harufu ya taa iliyozimwa sasa hivi.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye pazia.

"Umemkaribisha nani?" akanong'ona.

"Si umesikia hodi, mama?"

"Nimesikia. Lakini mwanangu, haikutoka mlangoni."

Wakatazamana. Wote wawili hawakutaka kutazama ukutani.

Gundi aliporudi hawakumwambia. Mshonaji alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushukuru kila anapopata sababu ya kunyamaza. Jioni wakala, wakazima taa. Usingizi ulikuwa umeshaanza kuwachukua, sauti ikasema polepole, karibu sana:

"Nimechoka. Nimesimama mno."

Gundi akadhani ni mkewe anarudi na ndoo. Kwa ulimi mzito wa usingizi, akajibu kama anavyojibu mume mwema: "Pole. Lete nikupokee."

Mshonaji alikuwa ubavuni kwake. Hakuwa amefungua kinywa.

Kesho yake Gundi akachelewa kuamka, jambo ambalo halikuwa lake. Keshokutwa akasinzia juu ya randa. Aliletwa nyumbani na wenzake, wanamcheka: "Shemeji, mumeo umemfanyisha kazi gani usiku?" Wakacheka, wakaondoka, na yeye akalala bila kuvua viatu. Jioni alizinduka kidogo, akaligusisha boksi betri ya tochi apime karatasi. Kwa kawaida ukigusisha betri karatasi huruka mbele. Ukikosea nyaya, huvutwa ndani. Ilivutwa ndani. Akageuza nyaya. Ikavutwa ndani tena. Akaondoa betri kabisa, na karatasi ikaendelea, taratibu, ndani, nje, ndani, nje.

"Angalia," akasema, kope zinamshinda. "Inapumua." Akalala palepale, shavu sakafuni.

Kulipokucha hakuamka. Walimwita, wakamnyunyizia maji, wakampeleka kwa daktari, daktari akampima akasema mwili hauna kosa, ni uchovu, apumzike. Apumzike! Mshonaji alirudi naye na kumlaza, akaketi kando, na hapo ndipo alipoona kile ambacho hakutaka kukiona, kwamba kifua cha mumewe kinapanda karatasi ya boksi inapotoka na kinashuka karatasi inapovutwa, na kwamba kila inapovutwa inakwenda ndani zaidi kuliko mwanzo na kukawia huko, kama mtu anayejinyoosha kitandani kwa raha baada ya safari ndefu, huku uso wa mumewe unazidi kubonyea, magoti yanatetemeka kama ya mtu aliyesimama miaka mingi bila kuegemea, na nyayo zake, yeye aliyelala, zimevimba mpaka viatu vinambana, na twita ile ndogo inaimba kwa sauti ya chini sana, ya kitoto, ya kuridhika.

Akachukua nyundo. Akaligonga boksi mara moja tu. Gundi akalia usingizini, na mbavu zake zikaota alama ya nyundo.

Nyundo ikamponyoka.

"Twende kwa Bi Pole," mama mkwe akasema.

Bi Pole alikuwa mganga, jina hilo alipewa kwa sababu yeye humwambia kila mtu pole kabla hajasikia shida yake. Alikuja yeye mwenyewe, anahema, miguu imejaa maji, akaomba kiti kabla ya salamu.

"Poleni. Nani aliitikia?"

"Mimi," mshonaji akasema.

"Ukauliza nani?"

"Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka."

"Pole. Na nani aliyempokea mzigo?"

Wakamtazama Gundi. Bi Pole akatikisa kichwa, akaliinamia boksi, akanusa, akarudi kitini. "Huyu alikuwa nje ya mlango ule tangu wazee wetu hawajazaliwa. Wenye nyumba walimjua, ndiyo maana hawakuitikia hodi ya yeyote, wasije wakakosea. Nyinyi mkawaita wenye maringo." Mama mkwe akainamisha uso. "Si mkali huyu. Amechoka. Anataka kuketi, na kila anapoketi lazima mtu asimame badala yake."

"Basi mfukuze, Bi Pole! Choma, tia moshi, sema dua!"

"Mwanangu, unamfukuzaje mgeni uliyemwambia pita? Nikimtoa kwa nguvu anatoka na mzigo wake, na mzigo wake sasa ni pumzi ya mumeo. Mgeni huyu husindikizwa. Utambeba wewe uliyemkaribisha, umrudishe kwenye nyumba yake, na kila kipande cha mlango, hata vumbi la msumeno. Pale atapiga hodi. Na ndani awepo mtu wa kumwambia karibu, na kumpokea mzigo. Vinginevyo atarudi nawe."

Karatasi ikavutwa ndani, ikakawia.

"Nitaingia mimi," mshonaji akasema.

"Utakuwa nje umembeba. Huwezi kumkaribisha unayemsindikiza."

"Basi nitatafuta mtu. Nitamwambia... " Utamwambia mtu nini?

Mama mkwe alikuwa anajifunga mtandio. "Nipeni fimbo yangu."

"Mama, hapana! Mimi ndiye niliyekosea."

"Wewe ulimkaribisha. Mimi nilimzaa anayelala pale. Tupimane?" Kisha akalainika, akamgusa shavu. "Usinililie mapema, nitajikwaa. Na maji ya kunywa nitie kwenye chupa, sijui mgeni huyu ana mazungumzo marefu kiasi gani."

Bi Pole akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mshonaji akafagia sebule mpaka kwenye nyufa. Akafunga vipande vya mbao kwa kitambaa, vumbi akalitia mfukoni mwa gauni, boksi akajifunga mgongoni kama mtoto. Mama mkwe alitangulia na Bi Pole. Mchana ulikuwa mweupe, watu wanaendelea na yao. Kinyozi akamwona, akapaza sauti: "Shemeji! Hiyo ndiyo spika yangu?" Hakujibu. Kila hatua boksi liliongeza uzito, na kitu kilipumua kwenye shingo yake pumzi ya taa iliyozimwa, na sauti mbili zikamwambia sikioni, taratibu, kama marafiki: keti kidogo, bibie. Pale kivulini. Nani atakuona? Wewe nawe umechoka.

Na ni kweli alikuwa amechoka. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba boksi halikumdanganya. Akaanza kuhesabu kola kichwani, kola moja, kola nyingine, kama afanyavyo karakana inapomzidi, mguu mmoja kwa kila kola, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa.

Pale mlangoni palikuwa na uwazi tu. Ndani, chini ya paa lililoanguka, giza, na Bi Pole amesimama mbali barabarani, kidole mdomoni. Mshonaji akasimama. Mgongoni karatasi ikajaa.

"Hodi."

Kimya kirefu. Moyo wa mshonaji ukamwambia: amebadili nia, na nani atamlaumu?

"Karibu," sauti ya mama mkwe ikatoka gizani, ileile ya kila siku, ya kumgombeza mtu sebuleni. "Karibu ndani, mgeni. Umesimama mno. Lete nikupokee."

Mgongo ukawa mwepesi, akapepesuka mbele. Alilifungua boksi: karatasi zote mbili zimechanika, gundi imekauka.

Gundi walimkuta ameketi kitandani anashangaa viatu. "Mbona sijavua viatu?" akasema. "Na mama yuko wapi? Nasikia njaa."

Mama walimkuta sakafuni kwenye nyumba ile, ameegemea ukuta, fimbo mapajani, amelala. Walimbeba nyumbani. Hakuamka. Lakini hakusimama usingizini kama mwanawe, alizungumza. Mshonaji akimgeuza au kumfuta uso alimsikia: "Ee... ndiyo... wewe kaa tu. Na mama yako alikuwa wapi siku zote hizo?" Kama bibi anayemliwaza mtoto wa watu. Mshonaji alimtunza hivyo, kutwa kola, jioni mama, na hakulalamika, na wala hakuwa na nguvu za kulalamika. Mvua zilipokwisha, bibi akapumua nje, na hakupumua tena ndani.

Wakagawana. Gundi alirithi kitanda cha mama yake, akakitengeneza miguu upya, wala spika hakutengeneza tena; kinyozi anaimba mwenyewe. Mshonaji alirithi mtandio, na yale magoti pia, akiinuka utamsikia. Bi Pole akapewa fimbo, maana miguu yake ilikuwa inaihitaji.

Na mgeni naye alipata fungu lake. Mchana jua likisimama wima, pita pale penye nyumba isiyo na mlango, upige hodi kwa mzaha kama wanavyofanya wajinga. Utaitikiwa kutoka ndani, kwa sauti ya mama mkwe, ya kugombeza kwa upendo: "Karibu. Lete nikupokee."

Usimpe kitu. Si yeye.