Zamu za Nyenje

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kiyoka alikuwa uwanjani akinyoosha mikono pamoja na watoto wa mtaa katika mazoezi ya kila asubuhi ya likizo, redio ikiwahesabia. Kadi yake ilipogongwa muhuri wa mahudhurio, hakungoja hata kuagana na wenzake. Zilibaki siku tatu waripoti shuleni katikati ya likizo, mwalimu akague kazi zao, na moyo wake haukutulia hata kidogo.

Kisa chenyewe kilikuwa daftari. Yeye na Suzuna, rafiki yake wa darasa la sita, walikuwa wakichunguza nyenje wa mtaa wao mjini Kishiwada: nani hulia, na saa ngapi. Kiyoka alipaswa kusikiliza asubuhi na alasiri chini ya mti mkubwa wa hekaluni. Suzuna, aliyevunjika mguu kabla ya likizo, alisikiliza alasiri tu kutoka dirishani kwao, mkabala na mti huohuo.

Asubuhi Kiyoka alikwenda, kwa kuwa ni njiani akitoka mazoezini. Lakini alasiri lilikuwa jua la kuchoma utosi, na bwawa la kuogelea lilikuwa karibu! Basi alinakili tu mistari ya asubuhi kwenye nafasi za alasiri. Nyenje ni nyenje, alijiambia, nani atajua?

Saa tatu na nusu alifika kwa kina Suzuna ili waunganishe daftari zao kuwa jedwali moja.

"Karibu, mzururaji," Suzuna alimtania. Alipolifungua daftari la Kiyoka, uso ukamsawijika. "Nimeharibu kazi, Kiyo."

"Umeharibu nini?"

"Alasiri zangu zote. Wewe umeandika nyenje-dubu, wale weusi wanaopiga sha-sha-sha. Mimi siku zote kumi na mbili nimeandika nyenje-mafuta, wale wa kahawia wanaolia kama kikaango. Masikio yangu mabovu kweli! Wewe ulikuwa chini ya mti, bwana. Ngoja nifuate zako."

Akachukua kifutio akaanza kufuta. Siku ya kwanza ikatoweka, ya pili ikafuata. Kiyoka aliinuka, akaketi, akaenda dirishani, akarudi. Angenyamaza, jedwali lingependeza na hakuna ambaye angemuuliza. Kifutio kikagusa siku ya tatu.

"Acha!" alipiga kelele, akamshika mkono. "Usifute, Suzu. Mimi ndiye mwongo. Alasiri sijakanyaga hekaluni hata siku moja."

Suzuna akautoa mkono wake. "Na mimi nilikuwa najiona kiziwi," alisema, machozi yakimlenga.

Mama Suzuna, mpeleka barua wa mtaa huo, aliingia wakati huo, akajimiminia chai baridi ya shayiri. Huko nje kelele za hekaluni zilikuwa zikififia.

"Dubu wanafunga vinywa," alisema akijipepea. "Saa nne inakaribia. Mimi sihitaji saa ya mkononi kujua wakati wa chai. Alasiri ni zamu ya wale wa mafuta."

"Kwa nini wasilie wote pamoja?" Kiyoka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Madume ndio wanaolia, wanaita majike. Wote wakibwata kwa wakati mmoja, nani atamsikia wa kwao? Ni ndugu, mti wao mmoja, basi wamegawana saa." Akawatazama. "Mbona mmenuna?"

Kiyoka alimweleza yote, bila kuficha. Kisha akapiga mstari kwenye alasiri zake zote za uongo na kuandika pembeni: Sikwenda.

Saa tisa alikuwa chini ya mti, jasho likimtiririka. Juu yake matawi yalilia kama kikaango, jii-jii-jii, wala hapakuwa na dubu hata mmoja. Dirishani Suzuna aliinua gongo lake la kutembelea. Bado alikuwa amenuna, lakini aliliinua.

Pikipiki ya barua ilisimama.

"Unaandika nini?" Mama Suzuna aliuliza.

"Nyenje-mafuta. Suzuna alisikia sawasawa. Lakini zile siku mbili alizofuta, tutafanyaje?"

"Ziacheni wazi, na mwalimu mwambieni ukweli. Ila umeona uongo unavyofanya kazi, mwanangu? Ulidanganya wewe, akaanza kujifuta yule aliyesema kweli."