Tambiko Lisilotwangiwa Unga

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka arobaini na minane, Mzigua, mkulima wa mahindi na kunde pembeni ya Masuguru, Korogwe. Nawasimulia haya huku moyo ukiniuma... Aliyenitenda ni kaka yangu wa tumbo moja!

Marehemu baba alituachia msitu wa ukoo. Humo tuliokota kuni na uyoga, na kijito chake ndicho kilichotunywesha. Baba mwenyewe amezikwa humo, na mama alikuwa akisema kila mara kwamba siku yake ikifika, alazwe ubavuni mwa mumewe. Viwanja vya mji vilipoanza kutusogelea, kaka Hamza aliapa mbele ya ukoo kuwa hakuna tingatinga litakaloingia humo. Nilimwamini. Nani asiyemwamini kaka yake?

Kisha mama akaugua. Kaka akaja na uso wa huzuni, akasema wazee wameagiza tambiko msituni, na mpaka liishe, mwanamke asikanyage huko. Akikanyaga, mama hatapona.

Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Kwetu tambiko haliendi bila unga, na unga hutwangwa na binti mkubwa wa nyumba. Binti mkubwa ni mimi! Mbona hakuna aliyeniita kwenye kinu? Mbona sikuona hata mbuzi akipelekwa? Nilimuuliza wifi yangu, mke wa kaka. Akajibu, "Mambo ya wanaume hayo dada, mie sijui," huku akiangalia pembeni. Simu ya kaka ikiita, anakwenda kuongelea nje. Na miguuni viatu vipya... tambiko gani hilo la viatu vipya?

Mara nikasikia kutoka msituni mngurumo wa chenso, ule msumeno wa mashine. Kaka akasema eti ni bodaboda mbovu. Bodaboda msituni! Nilijua ananidanganya. Lakini kila nikimtazama mama anavyohema, nguvu zinaniishia. Je, kama ni kweli? Je, nikimuua mama yangu kwa kiherehere changu? Nikanyamaza. Mdomo huu unaogombana na wauza dagaa sokoni, ulinyamaza!

Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji, nikayakuta yamejaa vumbi la mbao. Nikatupa ndoo, nikawaita wanawake wenzangu, tukaingia.

Jamani... Miti mikubwa ilikuwa imelala chini. Bikoni za zege, zile alama za kupimia viwanja, zimesimikwa hadi karibu na kaburi la baba, na kaka anamwonyesha mnunuzi mipaka. Wala hakuona haya.

"Wewe ulishaolewa kwa watu," akaniambia. "Msitu wa ukoo unakuhusu nini?"

Tulikaa chini mbele ya tingatinga lililokuwa limeletwa humo, tukakataa kuondoka, mpaka viongozi wa mtaa walipofika na kazi ikasimamishwa. Sehemu ya ng'ambo ya kijito ilipona, na sasa sisi wanawake ndio walinzi wake. Lakini upande wa kaburi ulikuwa umeshauzwa. Haukupita muda mrefu, ukazungushiwa ukuta.

Mama hakupona. Msibani kaka alilia kuliko wote. Mimi nikaenda kugonga geti la yule mnunuzi, nikamwomba tumlaze mama ubavuni mwa baba. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole sana mama," akasema, "ila hapo pembeni pamepangwa shimo la choo."

Tulimzika mama makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua.

Ndugu zangu, hasa kina mama mnaoishi karibu na misitu, nawasihi... Mkiambiwa msikanyage mahali penu wenyewe, ulizeni sababu, tena ingieni mkaone kwa macho, hata kama anayewazuia mmenyonya naye ziwa moja. Mimi niliogopa kumuua mama kwa kuingia. Nikabaki nje, na mama akakosa pa kulala.