Chupa Namba Nne

Nilikuwa nimefungwa kitambaa machoni nilipomnusa mtu aliyetaka kuniua.

Ndiyo, nimesema NILIMNUSA. Tulieni niwasimulie...

Mimi ni fundi cherehani. Dada yangu ni mtaalamu wa maabara chuoni. Siku hiyo alinipigia simu.

"Mdogo wangu, njoo unisaidie. Mshiriki wangu mmoja anaumwa."

"Nifanye nini?"

"Unuse tu."

"Ninuse nini?"

"Makwapa."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Kumbe hatanii! Walikuwa wanachunguza steroidi, aina ya kemikali ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, imo kwenye jasho la wanaume. Jina lake refu kama treni: androstadienoni. Wapo wataalamu wanaodhani ni feromoni, yaani kemikali inayovuta watu bila wao kujua. Wengine wanabisha. Basi wanaume kumi walikaa siku tatu bila manukato, wamebana pamba kwapani. Pamba zinatiwa kwenye chupa zenye namba. Sisi wanawake, tumefungwa macho, tunanusa, tunatoa alama.

Chupa ya kwanza, sawa. Ya pili, kama kitunguu. Ya tatu, sikusikia kitu.

Ya nne...

Vidole vilikufa ganzi. Nikatapika palepale, kwenye koti jeupe la dada.

"Vipi tena? Mbona hii wenzako wote ndiyo wameipenda kuliko zote!"

Jamani...

Miaka minne nyuma, mchana kweupe, nilikuwa kwenye stoo ya duka langu. Umeme ukakatika. Mtu akanivika gunia kichwani kutoka nyuma, akanikaba. Hakusema neno. Hakuiba hata uzi. Aliniacha akidhani nimekufa. Uso sikuuona. Nilichobaki nacho ni harufu yake, na polisi hawakuona cha kuandika hapo.

"Dada, hii ni ya nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Dada, ni YEYE!"

Akafungua daftari. Nilikuwa nimeshavua kitambaa, nikamwona anashika meza.

"Ni... ni ya shemeji yako."

Mume wake! Mtu aliyenikuta nimelala sakafuni siku ile, akanibeba mpaka hospitali!

"Labda ndiyo maana unaikumbuka," dada alinong'ona. "Si alikubeba?"

Macho yake yalikuwa yananiomba nikubali. Na mimi nilitaka sana kukubali.

Tulimkuta shemeji nyumbani anapiga pasi. Dada hakuzunguka.

"Zile pamba ulivaa wewe?"

Shemeji akaangalia chini.

"Usinikasirikie, mke wangu. Ziliniwasha. Nikampa mtu anisaidie."

"Nani?"

"Mtaratibu. Nilimwambia ni za vipimo vya jasho tu."



Mtaratibu, ndivyo wote tunavyomwita, ni mchumba wangu. Harusi ilikuwa Jumamosi!

Hapo ndipo mambo yakaanza kunijia... Mwanzoni mwa uchumba wetu aliniuliza nakumbuka nini siku ile, nikamwambia, "Uso sikuuona, lakini harufu yake nitaijua popote." Tangu wiki ile sikuwahi kumkuta bila manukato. Mengi, mpaka unapiga chafya. Mimi nikawa naringa kwa mashoga zangu, eti mwenzenu ana mwanaume anayejipenda!

Kesho yake mchana alikuja dukani kujaribu suti. Nyuma ya pazia la kubadilishia nguo walikuwepo shemeji, dada, na askari mmoja aliyekubali kuja baada ya dada kumlilia asubuhi nzima.

Nilimzungushia futi kifuani.

"Shemeji kasema ulimsaidia zile pamba."

"Mambo madogo yale, mpenzi."

"Na mimi nilikuwa miongoni mwa walionusa."



Akanitazama. Kisha, bila haraka, akaenda mlangoni akashusha komeo.

"Nani mwingine anajua?"

Ndugu zangu, sikuwa nimetaja tukio! Sikuwa nimesema CHOCHOTE!

"Anajua nini?" nikamuuliza.

"Usinichezee."

"Kwa nini uliniua?"

Neno lilinitoka hivyohivyo, uliniua.

"Nilikuletea suruali unipunguzie. Ukanicheka mbele ya mafundi wako. Mimi!" Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya kila siku. "Ulipotoka hospitali nikaja kukutazama, hukukumbuka hata sura yangu. Nikaona basi, tuanze upya."

Mkono wake ukaja shingoni mwangu.

Pazia likavutwa!

Shemeji alifika kabla ya askari. Sijawahi kumwona mtu mpole akipiga hivyo.

Sasa Mtaratibu yuko mahabusu, kesi inaendelea. Mama yake bado ananipigia simu, ananiita mkwe wangu, anaomba tuyamalize kifamilia. Napokea, namsalimia, nakata.

Dada anasema kisayansi steroidi ile haikunisaidia kumtambua, karibu wanaume wote wanayo. Sawa. Mimi sina ugomvi na sayansi.

Ila wewe unayesoma, ukishamwonyesha mtu kidonda chako, mwangalie vizuri. Wapo watakaokuuliza kinauma wapi, na wapo watakaouliza unakumbuka nini. Mimi niliulizwa unakumbuka nini, nikadhani napendwa.