Kidonge cha Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Machachari aliwasha kompyuta ya sebuleni. Ukurasa ulifunguka ukiwa na pande mbili, upande wa babu na wa bibi, ukionyesha dawa za siku hiyo. Aliutengeneza mwenyewe kwa JavaScript, lugha ya kompyuta aliyofundishwa shuleni, na shangazi yake, aliyewahudumia wazee, aliufuata. Wazee wote wawili walikuwa na presha, na kila mmoja alimeza kidonge kimoja cha aina ileile.

Siku moja daktari alimwongezea babu dawa, vikawa vidonge viwili. Kesho yake asubuhi Machachari akabadilisha namba ya babu, akakimbilia shule bila kutazama upande wa pili.

Aliporudi alimkuta bibi amelala kwenye kochi, jasho linamtoka. Alikuwa amesimama, kizunguzungu kikamwangusha, na paji la uso limechubuka.

"Umempa mama nini?" baba alimfokea shangazi.

"Nimempa kilichoandikwa, kaka. Viwili!"

"Viwili ni vya mzee! Hizo dawa usiziguse tena. Kama kazi imekushinda, funga mizigo."

Shangazi alifunika uso kwa khanga, akalia.

Machachari aliikimbilia kompyuta. Kweli, upande wa bibi ulisema viwili, na yeye hakuugusa! Ndipo akaelewa. Mwalimu aliwafundisha kuandika klasi, yaani kiolezo cha kumuundia kila mtu taarifa zake, yeye akaona ni kujichosha bure. Aliandika taarifa za babu tu, kisha akaiambia kompyuta kwamba bibi ni sawa na babu. Kompyuta haikutengeneza vitu viwili. Ilikuwa na kitu kimoja chenye majina mawili, kama watu wawili wanaokula kutoka sufuria moja: mmoja akizidisha chumvi, wote wanaila.

Angeweza kurekebisha kimyakimya. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini kilio cha shangazi kilimfikia pale alipokaa.

"Baba," alisema, "shangazi hana kosa. Ukurasa wangu ndio ulisema viwili."

Baba akaanza kumfokea. Shangazi akajifuta machozi. "Kelele baadaye, kaka. Mpigie daktari kwanza."

Daktari alikuja, akapima presha, akaagiza bibi alale na asipewe dawa nyingine mpaka apimwe tena. Bibi alifumbua jicho moja. "Nimegawana kila kitu na huyu mzee tangu tuoane. Leo mmenipa na dawa yake!"

Baba alimwomba dada yake radhi, kwa shida, lakini aliomba.

Kesho yake mwalimu alikaa na Machachari. "Klasi ni kalibu ya matofali," alisema. "Kila ukiandika neno new, unafyatua tofali jipya. Yanafanana, lakini ukilichonga moja, jingine halipungui." Machachari akaandika klasi ya mgonjwa, akamtengeneza babu, akamtengeneza bibi. Alibadilisha namba ya babu mara nyingi. Ya bibi haikutikisika.

Jioni alimwonyesha shangazi. Shangazi alilinganisha namba na karatasi ya daktari, kisha akamgeukia.

"Kukosea hukukosea peke yako, hata mimi sikuuliza. Lakini ungeninyamazia, nisingekusamehe. Kazi inayogusa uhai wa mtu haifanywi kwa mkato, mwanangu. Ijaribu mpaka ichoke, ndipo uniletee."