Nyota Aliyoificha Nasipwondi

Kila siku masomo yakiisha, Nasipwondi aliingia chumba cha kompyuta na kuketi pembeni, karibu na dirisha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa amehamishiwa kazi ya reli Mombasa, nao wakapanga nyumba mtaa wa Bondeni. Muhula ulikuwa ukielekea ukingoni, lakini bado hakuwa na rafiki.

Chama cha Nyota cha hapo shuleni ndicho kilichomfariji. Mbali huko angani, setilaiti yenye darubini ilipiga picha za nyota. Picha hizo zilihifadhiwa katika kompyuta kubwa za ng'ambo, na mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuzifungua na kuzichambua humo humo. Hifadhi hiyo iliitwa "wingu". Mwalimu Khursheed, mlezi wa chama, aliwagawia wanafunzi nyota, kila mmoja na miezi yake ya picha, nao waliandika walichokiona kwenye ukurasa wa pamoja.

Siku moja Nasipwondi aliona mwanga wa nyota yake ukipungua ghafla, kisha ukarudi. Hakuandika kitu. "Nitangoja siku ya maonyesho ya chama," aliwaza. "Siku hiyo wote watanijua."

Kesho yake alikuta swali kwenye ukurasa. Lilikuwa la Munazza, aliyepewa nyota ile ile, miezi iliyofuata: "Mwanga wapungua, kisha warudi. Kuna mwengine aliyeona?"

Nasipwondi alilisoma, akaufunga ukurasa.

Siku ya kukamilisha ripoti ya maonyesho, Mwalimu alitazama kazi ya Munazza akatikisa kichwa. "Mara moja haitoshi, mwanangu. Huenda ni hitilafu ya chombo. Itabidi tuiondoe."

"Nyota ya Munazza imekatiwa stima!" alisema Kashif, mmoja wa wanachama, na wenzake wakaangua kicheko.

Munazza aliinama, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nasipwondi aliijua hali ile. Ndivyo alivyofanya yeye kila mapumziko. Akasimama.

"Mwalimu, usiiondoe. Hata mimi niliona. Niliificha."

Munazza akamgeukia. "Ulisoma swali langu ukaninyamazia?"

"Ndiyo. Nisamehe. Nilitaka iwe yangu."

Mwalimu aliwaketisha pamoja, wakaunganisha miezi yao. Mwanga ulikuwa umepungua mara mbili, kwa kiasi kile kile. Munazza alihesabu siku zilizopita kati ya mara hizo mbili, kisha akahesabu idadi hiyo kurudi nyuma.

"Kama ni kweli, ulipungua hapa pia," alinong'ona, akitaja siku ya miezi ya nyuma.

Wakafungua picha za zamani. Ulikuwa umepungua, siku ile ile aliyoitaja.

"Si hitilafu," alisema Mwalimu. "Ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ikipita mbele ya mwenzake, huziba mwanga." Kisha akamtazama Nasipwondi. "Picha hizi zimewekwa wazi ili mmoja akiwa na shaka, mwengine amsaidie. Ukificha unachokijua, humnyimi mwenzako peke yake; wajinyima na wewe. Lakini umesema kweli mbele ya watu, na hilo si jepesi."

"Naam, Mwalimu."

Munazza bado hakutabasamu. Aliufunga mkoba wake, akafika mlangoni, akasita.

"Kesho uje mapema," alimwambia Nasipwondi. "Kuna miezi mingine hatujaifungua."